Neno la Mgonjwa Lisipotee Ndani ya Kompyuta

Katika hospitali, vituo vya afya na zahanati nyingi za nchi yetu, majalada ya karatasi yanaondoka taratibu na kompyuta zinachukua nafasi yake. Mfumo wa Serikali uitwao GoTHOMIS umekwisha kuenea katika vituo vingi vilivyo chini ya halmashauri. Hii ni hatua ya maendeleo, wala hatuna sababu ya kuibeza. Kadi ya karatasi hulowa mvua, huchanika, hutafunwa na panya. Na jalada likirudishwa kwenye rafu isiyo yake, mgonjwa hukaa bencini akingoja hadi jua likageuka. Walakini, tunapoisifu mashine, yatupasa kuuliza swali moja: je, mgonjwa mwenyewe yumo ndani yake?

Twauliza hivyo kwa sababu kompyuta hupenda kile kinachohesabika. Joto la mwili, uzito, presha na wingi wa damu, vyote hivyo vina visanduku vyake, na tarakimu huingia bila taabu. Lakini tuchukue mfano wa mama wa Kashai, pale Bukoba mjini, asemaye kuwa usiku nyayo zake huwaka moto. Kwamba vidonge alivyopewa humtia kizunguzungu, na kwa hiyo huvimeza siku moja na kuviacha siku ya pili. Tena kwamba kabla ya kuja kituoni alikuwa akinywa maji ya majani machungu ya omubilizi. Maneno hayo yataandikwa wapi? Pengine ameyasema kwa Kihaya, mjukuu wake akayageuza kwa Kiswahili, mganga akayaandika kwa Kiingereza, kisha yakakatwa yapate kutosha katika kisanduku. Yafikapo mwisho wa safari hiyo, yamebaki neno moja kavu, na neno hilo si la mama yule tena.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari aweza kupima damu, lakini hana kipimo cha maumivu, cha uchovu wala cha hofu. Wala hawezi kujua kama dawa imemezwa ama imewekwa chini ya mto, isipokuwa mgonjwa amwambie. Jambo hili halikuvumbuliwa leo. Mwaka 1968 daktari mmoja wa Marekani, Lawrence Weed, alieneza mpango wa kuandika habari za mgonjwa ambao baadaye ulifuatwa katika nchi nyingi. Katika mpango huo, maelezo ya mgonjwa huandikwa kwanza, na yale ayaonayo daktari hufuata. Itakuwa ajabu iwapo kalamu ilimpa mgonjwa nafasi ya mbele, na kompyuta ikamrudisha nyuma.

Sisi wa Kagera tunayo sababu zaidi ya kulifikiri jambo hili. Ilikuwa katika mkoa huu, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walipotambuliwa. Miaka arobaini baadaye, tarehe 21 Machi 2023, ulitangazwa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki kabla ugonjwa haujatangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 ugonjwa huo ulirudi, safari hii Biharamulo, na watu 10 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa ajili yake. Homa, kutapika na kuharisha, ambazo ndizo dalili zake za mwanzo, hufanana na za malaria na za magonjwa mengine mengi. Jambo liwezalo kumshtua mganga mapema ni maelezo: nilimwuguza ndugu yangu aliyekuwa na hali kama hii, nilihudhuria maziko, nilitoka mahali fulani siku fulani. Maelezo hayo yakiandikwa upesi na kusomwa, kijiji huokoka. Yakipuuzwa, huenda yakatafutwa baadaye kwa maziko.

Hata hivyo, kuandika peke yake hakutoshi. Lazima awepo mtu wa kusoma na kutenda. Kwa hili majirani zetu wa Kenya wanao mfano mwema. Baina ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waliandikishwa katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili, juu ya huduma hiyo, lilitumiwa kila wiki ujumbe wa simu wenye neno moja tu: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, ama “Sawa” ama “Shida”. Aliyejibu shida, na hata yule aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet la Uingereza. Katika kundi lililoulizwa hali, watu 62 katika kila 100 walisema wamefuata dawa ipasavyo. Katika kundi lingine walikuwa 50. Na ili mtu asidhani kwamba hayo ni maneno matupu, damu nayo ilipimwa: virusi vilikuwa vimefubazwa kwa watu 57 katika kila 100 upande ule, na 48 upande huu. Neno moja la Kiswahili, likiwa na mtu wa kulipokea jibu lake, lilileta faida iliyoonekana hata katika damu.

Huko New York pia, katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, wagonjwa 766 walishiriki katika utafiti ambamo sehemu yao walieleza wenyewe dalili zao kwa njia ya kompyuta, na dalili ilipozidi, mwuguzi alijulishwa. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba nusu ya kundi hilo walikuwa bado hai baada ya miezi 31, hali kundi la huduma ya kawaida lilifikia nusu katika miezi 26. Miezi mitano si kitu kidogo kwa mtu mwenye watoto.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa husahau, huona haya, na pengine hudanganya. Ni kweli. Lakini dawa ya kosa hilo si kumfunga mdomo. Dawa yake ni kuandika wazi neno limetoka kwa nani. Amesema mgonjwa, amesema ndugu yake, ameona daktari, imepima maabara. Sauti hizo nne zisichanganywe, maana kosa likiingia katika kompyuta bila kujulikana lilikotoka, hunakiliwa kutoka siku hadi siku mpaka likaonekana kuwa kweli.

Wapo pia wananchi wanaoogopa kusema, nao tusiwalaumu. Katika mji kama Bukoba watu wanajuana, na aliyeketi mbele ya kompyuta aweza kuwa mtoto wa jirani. Miaka ya UKIMWI ilitufundisha jinsi minong'ono inavyoweza kumwua mtu kabla ya ugonjwa. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ni ngao ya kila mgonjwa. Sheria hiyo huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, nayo humpa mtu haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kuomba yasahihishwe. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Lazima ijulikane hadi kwenye benchi la wagonjwa.

Basi, twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mfumo wa kompyuta wa hospitali uwe na mahali pa maneno ya mgonjwa, yaandikwe kwa Kiswahili kama alivyoyasema, na mahali pa kutaja dawa za miti shamba bila kumkaripia. Pili, kabla mgonjwa hajaondoka, asomewe yaliyoandikwa na aulizwe kama ndivyo alivyosema. Tatu, awekwe mtu mwenye wajibu wa kusoma maelezo yaletwayo na kuyashughulikia. Nne, ifahamike daima ni nani aliyefungua habari za mgonjwa na kwa sababu gani.

Nanyi, ndugu wasomaji, msiende kwa mganga mkiwa mabubu. Mficha maradhi kilio humfichua. Semeni lini mlianza kuumwa, mmekunywa nini, mmeacha dawa gani na kwa nini, kisha ulizeni yameandikwaje. Hospitali iliyonunua kompyuta bila kununua subira ya kumsikiliza mgonjwa imebadili kabati tu.