Mshahara wa Dallas, Likizo ya Hamburg

Kwa anayetazama karatasi ya mshahara peke yake, ubishi unakwisha mapema. Mwaka 2023 nusu ya wauguzi waliosajiliwa nchini Marekani walilipwa zaidi ya dola 86,000 kwa mwaka. Mwenzao wa Ujerumani, mwenye cheti kamili na kazi ya kutwa, alikuwa akipata karibu euro 3,900 kwa mwezi kabla ya makato, kiasi ambacho kwa mwaka mzima kilikuwa kama dola 50,000. Sindano ni zile zile, zamu za usiku ni zile zile, na mgonjwa anayeita saa nane za usiku anaita kwa maumivu yale yale.

Hesabu hiyo imeacha kuwa ya wasomi tu. Kwa miaka mingi wauguzi wa Kenya wamekuwa wakifanya mtihani wa NCLEX ili waajiriwe Marekani. Septemba 2024, mjini Berlin, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia kutiwa saini kwa mkataba unaorahisisha Wakenya wenye ujuzi kufanya kazi Ujerumani. Kijana aliyehitimu uuguzi Eldoret au Mombasa sasa ana milango miwili ya kubisha, na ndugu na marafiki wanaomshauri karibu wote huanza na swali moja: wapi wanalipa zaidi? Swali hilo lina jibu rahisi, na ndiyo maana linapotosha.

Chukua mfano wa wauguzi wawili. Mmoja yuko Dallas, Texas. Mwingine yuko Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Kila mmoja ana mwenza anayebaki nyumbani na watoto wawili wadogo.

Haki kwanza itendeke kwa Dallas. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo muuguzi huyo anakatwa kodi ya serikali kuu na michango ya hifadhi ya jamii tu. Takwimu za OECD, shirika la nchi zilizoendelea, zinaonyesha kwamba mfanyakazi wa kipato cha wastani, asiye na mwenza wala mtoto, hukatwa takriban robo ya mshahara Marekani, na zaidi ya theluthi Ujerumani. Fedha inayobaki mkononi inaonekana kwa macho. Nyumba mpya ya familia moja Marekani ina wastani wa zaidi ya mita za mraba 200, ina gereji, na kiyoyozi ni jambo la kawaida. Hamburg zaidi ya nusu ya watu ni wapangaji, na kupata fleti yenye vyumba vitatu kunaweza kuchukua miezi ya kuandika barua za maombi na kupanga foleni kwenye ngazi pamoja na watu 40 wanaoitaka fleti hiyo hiyo. Anayesema maisha ya Marekani ni ya kifahari zaidi kwa vitu hasemi uongo.

Sasa zifunguliwe kurasa zinazofuata za mkataba wa ajira, zile ambazo wengi husaini bila kuzisoma.

Marekani, bima ya afya ya familia inayopitia kwa mwajiri ilifikia wastani wa karibu dola 24,000 kwa mwaka 2023, kwa mujibu wa shirika la utafiti la KFF. Mfanyakazi mwenyewe alichangia zaidi ya dola 6,500 kutoka kwenye mshahara wake. Na kuchangia huko si mwisho wa kulipa. Bima nyingi hazianzi kufanya kazi mpaka mgonjwa ajilipie kwanza kiasi fulani kila mwaka; kwa bima ya mtu mmoja kiasi hicho kilikuwa wastani wa dola 1,735, na kwa familia huwa kikubwa zaidi. Baada ya hapo bado kuna asilimia ya bili inayobaki juu yake, na kuna suala la kama daktari aliyemhudumia yumo kwenye orodha ya bima au hayumo.

Hamburg hesabu inakwenda kwa njia nyingine. Mfuko wa afya wa umma hukata asilimia ya mshahara, ambayo mwaka 2023 ilikuwa karibu 16, na mwajiri hulipa nusu. Kwa mshahara wa euro 3,900, sehemu ya mfanyakazi ni kama euro 315 kwa mwezi, yaani chini ya euro 4,000 kwa mwaka. Mwenza asiye na kipato na watoto wote wawili wanaingia kwenye bima hiyo bila kuongezewa senti. Akilazwa mtu mzima wa familia, analipa euro 10 kwa siku, na kwa siku zisizozidi 28 katika mwaka mmoja. Mkenya anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, tangu Oktoba 2024 atautambua utaratibu huu: makato yanafuata kipato, hayafuati ugonjwa. Tofauti ni kwamba Wajerumani wameujenga tangu mwaka 1883, enzi za Kansela Bismarck, na wameupa muda wa kukomaa.

Marekani ilifikaje ilipofika? Sababu moja kubwa ni vita. Mwaka 1942 serikali ilizuia kupandishwa kwa mishahara ili bei zisiruke, lakini marupurupu kama bima ya afya yakaachwa nje ya zuio. Waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakaanza kutoa bima badala ya nyongeza, na baadaye sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikaithibitisha nafuu ya kodi kwa bima hiyo. Hivyo kinga ya mgonjwa ikafungwa kwenye ajira. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini, na mwaka 2010 sheria ya Barack Obama ikaziba mianya mingine. Hata hivyo, mwaka 2023 watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote, na Texas ndilo jimbo lenye kiwango kikubwa zaidi cha wasio na bima. Aliye na bima naye anajua kwamba akifukuzwa kazi wiki hii, kinga ya mtoto wake inaweza kuondoka pamoja na kitambulisho cha kazini.

Matokeo yake yana tarakimu. Mwaka 2022 idara ya serikali kuu ya Marekani inayowalinda wateja wa huduma za fedha iliripoti dola bilioni 88 za madeni ya matibabu kwenye kumbukumbu za mikopo za wananchi. Waswahili waishio ughaibuni wanayafahamu madeni haya kwa jina jingine: mchango. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, na watu wenye mishahara mizuri wanachangishana kumtoa mwenzao kwenye bili. Moyo huo unastahili sifa zote. Lakini jamii tajiri kuliko zote duniani isingepaswa kuutegemea.

Dawa nazo zinasimulia habari hiyo hiyo. Wagunduzi wa insulini, Banting, Best na Collip, waliiuzia hataza yao Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, kwa imani kwamba dawa ya uhai isifanywe ya wachache. Karibu miaka mia baadaye, watafiti wa taasisi ya RAND ya Marekani walilinganisha bei za viwandani za mwaka 2018: kipimo kimoja cha insulini kilikuwa karibu dola 99 Marekani na chini ya dola 8 Uingereza. Bei ya Marekani hupungua baada ya mapunguzo ya siri kati ya viwanda na kampuni za bima, lakini asiye na bima hakuwa na wa kumpigania apate punguzo hilo. Uingereza hununua kama mteja mmoja mkubwa, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini hailipii. Marekani, sheria ya mwaka 2003 iliizuia Medicare hata kujadiliana bei na viwanda. Kizuizi hicho kililegezwa na sheria mpya ya mwaka 2022, nayo ikaweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya walio kwenye Medicare.

Mtoto akizaliwa, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1993 inampa mzazi wiki 12 za likizo bila mshahara, na ni kwa anayefanya kazi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi, akiwa ametimiza mwaka mmoja kazini. Baadhi ya majimbo, California ikitangulia, yameongeza malipo. Texas haina sheria ya kumlazimu mwajiri binafsi. Kwa hiyo wako akina mama wanaorudi kazini kabla kidonda hakijapona vizuri, na ada ya kituo cha malezi cha mtoto mchanga katika miji mingi hupita dola 10,000 kwa mwaka.

Muuguzi wa Hamburg anapumzika wiki 6 kabla ya kujifungua na 8 baada yake, kwa malipo kamili. Kisha serikali humlipa karibu theluthi mbili za kipato chake, kwa kikomo cha euro 1,800 kwa mwezi, na baba akishiriki malezi malipo hayo yanaweza kufika miezi 14. Nafasi yake kazini inalindwa hadi miaka mitatu. Jiji la Hamburg linagharimia saa tano za chekechea kila siku pamoja na chakula cha mchana, mpaka mtoto aanze shule. Akiugua mwenyewe, mwajiri anaendelea kumlipa mshahara wote kwa wiki sita, halafu mfuko wa afya unachukua zamu. Likizo ya mwaka kwa sheria haipungui wiki nne. Wauguzi wa hospitali za umma, kwa mikataba ya vyama vyao, hupata siku 30. Marekani hakuna sheria ya serikali kuu inayomdai mwajiri hata siku moja ya likizo yenye malipo.

Kwa wastani Mmarekani hufanya kazi takriban saa 1,800 kwa mwaka, Mjerumani karibu 1,340. Sehemu ya pengo hilo inatokana na Wajerumani wengi, hasa wanawake, kufanya kazi za nusu siku. Lakini hata ukiipunguza, wiki kadhaa zinabaki, na wiki hizo mtu anakuwa nyumbani na wanawe. Hakuna mstari wa karatasi ya mshahara unaozionyesha.

Kipimo kizito kuliko vyote ni umri wenyewe. Mwaka 1980 Marekani ilikuwa sambamba na nchi nyingine tajiri kwa wastani wa miaka ya kuishi. Kisha ikaanza kubaki nyuma. Mwaka 2021, katikati ya UVIKO-19, wastani wake ulishuka hadi miaka 76.4, na mwaka 2023 ulipanda hadi 78.4. Mwaka huo Ujerumani ilikuwa na karibu 81, Hispania 84. Haya yanatokea ingawa Marekani inatumia zaidi ya asilimia 17 ya pato lake kwa afya, na Ujerumani karibu 12.

Na si wote wanaokufa mapema. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba asilimia moja ya wanaume matajiri zaidi wa Marekani huishi karibu miaka 15 zaidi ya asilimia moja walio maskini zaidi. Wanaokufa mapema wanauawa na nini? Bunduki, ambazo mwaka 2021 ziliua watu zaidi ya 48,000, wengi wao kwa kujiua. Dawa za kulevya na za maumivu, ambazo mwaka huo ziliua zaidi ya laki moja. Na barabara: zaidi ya watu 40,000 mwaka 2023, wakati Umoja wa Ulaya, wenye watu wengi zaidi kwa zaidi ya milioni 100, ulipoteza karibu 20,400. Ujerumani, ambako sehemu kubwa ya barabara kuu haina kikomo cha kasi, ilipoteza kama 2,800. Miji yake ina treni, njia za baiskeli na sehemu za kutembea. Miji mingi ya Marekani haimwachii mtu njia nyingine ila gari.

Ulaya si pepo. Joto la kiangazi cha mwaka 2003 liliua zaidi ya watu 70,000, na hadi leo viyoyozi ni vichache majumbani. Uingereza ina foleni ya matibabu ya zaidi ya milioni 7. Hispania, mwaka 2013, zaidi ya nusu ya vijana waliotafuta kazi hawakuipata. Bulgaria, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ina umri wa kuishi ulio chini ya ule wa Marekani. Na kwa mgeni mlango wa Ujerumani ni mzito: muuguzi anadaiwa Kijerumani cha ngazi ya B2 na cheti chake kipitishwe upya, na wengi huanza kama wasaidizi kwa mshahara mdogo. Mwenye ujana, afya njema, asiye na mtoto, mwenye lengo la kukusanya mtaji kwa miaka mitano, anaweza kupiga hesabu na Dallas ikashinda kwa haki kabisa.

Mwenye familia ana hesabu nyingine. Kabla ya kutia saini, auombe ukurasa wa bima na ausome na mtu anayeuelewa: nani katika familia amekingwa, ni kiasi gani atajilipia kabla bima haijaanza, akiugua miezi mitatu atalipwa na nani, na akiachishwa kazi kinga ya watoto itadumu mpaka lini. Mwajiri akishindwa kuyajibu maswali hayo manne kwa maandishi, mkataba wake usisainiwe.