Kilebu Mgeni Alale Wapi?

Katika mashindano ya chemshabongo ya chama chetu kuna swali lisilokosa kila muhula: mtoto wa mbwa huitwaje? Mikono huinuka karibu iguse dari. Kilebu! Makofi hupigwa na mambo huishia hapo. Lakini hebu mwulize huyo huyo aliyejibu: kilebu akiletwa kwenu leo jioni, usiku atalala wapi? Utamwona akikuna kichwa. Huku kwetu Gitothua hata jina lenyewe hatulitumii tukiwa nyumbani, tunasema tu "kamtoto ka mbwa", na mahali pake pa kulala huamuliwa na yeyote aliye na sauti kubwa jioni hiyo.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu nimewahi kulijibu swali hilo vibaya.

Ilikuwa mwezi wa Julai, miaka mitatu iliyopita. Nilipewa kilebu wa majuma matano hivi, nikambeba ndani ya sweta la shule kutoka mjini Ruiru hadi nyumbani kwa miguu, moyo wangu ukiwa kama wa mtu aliyeokota almasi. Baba alimtazama mara moja tu. "Mbwa ni wa nje," akasema. "Mfunge huko nyuma." Nami sikubisha, maana nani hubishana na baba yake? Nilimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya tangi la maji, nikamtandikia gunia. Mnamo saa nne manyunyu yakaanza. Kilebu alilia, akalia, hadi wapangaji wakagonga ukuta. Saa nane hivi akanyamaza. Nilishukuru Mungu nikalala fofofo. Asubuhi gunia lilikuwa limelowa chepechepe, naye amekauka kama ukuni. Cucu, yaani nyanya yangu, alisema labda alikuwa mgonjwa tangu alikotoka, na huenda ni kweli. Lakini mimi najua vile nilifurahi aliponyamaza.

Basi tuanze na baridi. Wenzetu wa Mombasa hudhani Kenya nzima ni jua. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda siku nzima, usiku manyunyu. Mbwa mkubwa hustahimili hayo. Ana manyoya mazito, ana mafuta chini ya ngozi, na mwili wake hukaa kwenye nyuzi 38 hadi 39, yaani ana joto kutushinda sisi. Kilebu sivyo. Katika juma la kwanza baada ya kuzaliwa hawezi hata kutetemeka, na kutetemeka ndiko mwili unavyojitengenezea joto. Siku hizo huhitaji mahali penye nyuzi 30 hivi. Je, hulipata wapi joto hilo hapa kwetu? Kwa tumbo la mama na kwa ndugu zake. Ukiwachungulia utawakuta wamerundikana kama viazi kwenye debe, huyu juu ya yule. Watu hucheka wakiwaona. Kumbe lile rundo ndilo jiko lao.

Akifika majuma manne hivi huanza kujimudu, lakini bado ni mdogo, na kitu kidogo hupoa haraka kuliko kikubwa, vile kikombe cha chai hupoa kabla ya birika. Akilowa, mambo huharibika zaidi. Ndiyo maana wajuzi husema kilebu asitenganishwe na mama yake kabla ya majuma manane. Huku mitaani wengi hutolewa mapema, kwani mwenyewe amechoshwa na kelele na uchafu, na anayepokea hana habari. Ukipokea wa majuma matano, msomaji, jua umepokea mtoto ambaye jana alikuwa ananyonya.

Jambo la pili ni kilio. Wengi hukiona kuwa ukaidi. Fikiria kwamba tangu azaliwe hajawahi kulala peke yake hata usiku mmoja. Sasa giza limeingia, harufu ya mama haipo, ndugu hawapo, hata sakafu si ile. Mtoto wa mnyama aliyepotea hupiga kelele ili mama amsikie amfuate. Hilo ndilo analofanya. Ukimwendea na fimbo hatajifunza kunyamaza, atajifunza kwamba mtu akija usiku anakuja kuchapa, na mbwa wa namna hiyo baadaye huwa mwoga au huuma watu wa nyumbani.

Hata hivyo, nisimwonee Baba. Naye ana hoja. Kwetu ni ploti ndogo: nyumba yetu mbele, vyumba vinne vya kupangisha nyuma. Tunafuga mbwa kwa sababu ya wezi. Baba huuliza: mbwa aliyezoea godoro atasikia saa ngapi mtu akipanda ukuta? Tena anasema ukimkimbilia kilebu kila akilia, atajua kilio ni kengele ya kukuita. Hoja hizo mbili ni za kweli na sikupata jibu lake mara moja. Jibu nililopata mwishowe ni kwamba Baba anasema juu ya mbwa wa mwaka mmoja, na mimi niliyekuwa naye mkononi alikuwa wa majuma matano. Mahali pa kulala pafuate umri. Aanze karibu na watu, kisha asogezwe pole pole hadi pale atakapofanya kazi yake.

Kilebu wa pili aliletwa Disemba iliyopita tukiwa likizoni, akiwa ametimiza majuma manane. Tukamwita Popi. Usiku huo mjadala ukawa mkali kuliko wa bunge. Dada yangu mdogo alitaka alale naye kitandani. "Atalala miguuni tu!" Hapo mimi na Baba tukawa upande mmoja, na nitaeleza sababu.

Vilebu karibu wote huzaliwa na minyoo. Minyoo hiyo hupita kutoka kwa mama wakiwa bado tumboni, na mingine kwa maziwa, kwa hivyo hata kilebu msafi wa kupendeza anayo. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, na baada ya majuma mawili hadi manne kwenye udongo huwa tayari kumwambukiza mtu. Mtoto akichezea udongo huo kisha akatia vidole mdomoni, vijidudu huanguliwa ndani yake na kuzurura mwilini, na wakifika kwenye jicho wanaweza kuharibu uwezo wa kuona. Ona faida iliyomo: ukiokota kinyesi kila siku, unakuwa umeyawahi mayai kabla hayajaiva. Dawa ya minyoo huanza mapema, tangu majuma mawili, na hurudiwa kila baada ya majuma mawili hadi afikishe miezi mitatu hivi. Zaidi ya minyoo kuna viroboto. Kwa hivyo kitandani hapana, hata akilia kwa machozi ya damu. (Dada ndiye aliyelia.)

Varanda ya wapangaji nayo tuliitupilia mbali upesi. Mmoja wao ni mama Mwislamu kutoka Lamu. Dini yake haikatazi mbwa wa ulinzi, ila mate ya mbwa ni najisi kwao, na chombo kikilambwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Ndoo zake za maji hukaa pale pale varandani. Ujirani wetu ni wa miaka mingi, kwa nini tumtie taabu ya namna hiyo kwa sababu ya mnyama wetu?

Kumfunga nje tena sikukubali, na safari hii nilisema kwa heshima lakini nikasema. Kamba humzunguka shingoni, na aliyefungwa hawezi kusogea mvua inapomfikia. Pia kuna jambo la lango. Lango letu lina pengo chini, na mbwa koko wa mtaa huingia usiku kutafuta makombo. Kilebu hupewa chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Kabla ya hapo hana kinga, na akiumwa na mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuuleta hadi ndani ya nyumba. Tusicheze na kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ulimwenguni hukadiriwa kuua watu 59,000 hivi kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Serikali yetu ilianza mwaka wa 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu nchini kufikia 2030. Ukiumwa au hata kukwaruzwa na meno ya mbwa, awe mkubwa au kilebu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

Basi tukabaki na jikoni. Na jikoni penyewe pana hatari mbili ambazo Cucu ndiye alizitaja. Ya kwanza ni dawa ya panya tuliyokuwa tumeweka nyuma ya kabati. Tuliiondoa yote, maana kilebu huonja kila kitu. Ya pili ni jiko la makaa. Mtu anaweza kufikiri amfanyie hisani kilebu kwa kumwachia jiko linawaka apate joto. Thubutu! Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo imeua watu waliolala, sembuse kilebu. Jiko likitumika litolewe nje kabla ya kulala.

Nilichukua katoni ya duka, nikakata upande mmoja uwe chini ili aweze kutoka na kuingia. Ndani nikatandika magazeti, juu yake sweta kuukuu. Tulipokwenda kumchukua nilikuwa nimeomba kitambaa ambacho mama yake alikuwa akilalia, nacho nikakiweka humo kwa sababu ya harufu. Kisha nikajaza chupa ya plastiki maji moto, si ya kuchemka, nikaivisha soksi na kuilaza pembeni. Katoni iwe na nafasi kiasi, ili akihisi joto limezidi asogee. Tuliiweka kwenye kona iliyo mbali na upepo upitao chini ya mlango, upande wa pili wa ukuta ninapolala, na mlango wa kati ukaachwa wazi. Usiku wa kwanza alilia mara mbili. Nilipomwita jina kutoka kitandani akatulia. Kufikia usiku wa nne hakuna aliyesikia kitu.

Kilebu wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili tatu. Kwa hivyo chakula cha mwisho ni saa kumi na mbili jioni, anatolewa nje saa nne kabla watu hawajalala, kisha kengele ya saa inalia saa nane na unamtoa tena. Hapo hakuna kucheza wala kusemeshana. Anakojoa, anarudi kulala. Saa nane ya usiku ni chungu, sikufichi, na kuna siku niliipuuza nikaamka nikakanyaga maji ambayo hayakuwa maji. Lakini kadiri alivyokua ndivyo muda ulivyorefuka, na alipofika miezi minne alikuwa analala hadi alfajiri.

Banda tulilijenga mimi na Baba mwezi wa Januari kwa mbao za mabaki. Tuliliinua juu ya mawe ili maji yapite chini. Mlango tuliuelekeza upande usiopigwa na upepo. Ukubwa ulituletea ubishi kidogo. Baba alitaka liwe la fahari, lakini banda likizidi ukubwa joto la mbwa halitoshi kulijaza. Linatosha likiwa anaweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Juu tuliweka mabati, na chini ya mabati mbao, maana mabati peke yake huchoma mchana na hugandisha usiku.

Popi hakupelekwa huko ghafla. Kwanza alikula humo mchana, akalala usingizi wa mchana humo na lile sweta lake. Alipopata chanjo ya miezi mitatu, nasi tukaziba pengo la lango, alianza kulala humo usiku. Tulichagua Februari, kabla ya mvua za masika. Usiku wa kwanza alikwaruza mlango wa jikoni mara moja, akarudi zake.

Sasa hubweka mtu akigusa lango, na mama wa Lamu anasema hulala vizuri zaidi. Julai iliyopita, usiku wa manyunyu, nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa saa nane. Nilidhani ni mwizi, nikashangaa mbona Popi habweki. Kuchungulia dirishani, kumbe ni Baba, tochi mkono mmoja na gunia kavu mkono wa pili.