Je, Kijana Atapata Nafasi ya Kusomea Uhandisi?

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, mashauri huwa mengi katika nyumba za Kenya. Kijana amefaulu vizuri, naye ataka kuwa mhandisi. Baba auliza kama kweli atachukuliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Jirani asema ndiyo, mjomba asema labda. Jambo hili halifai kubahatishwa, maana anayejipima vibaya aweza kukikosa chuo anachokitamani, na hata kile ambacho angalikipata.

Chuo hicho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1956, kikiitwa Royal Technical College, na mwaka wa 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hizi uhandisi wafundishwa pia katika vyuo vikuu vingine, kama kile cha Jomo Kenyatta huko Juja. Hata hivyo, kozi zinazopendwa sana huombwa na watu wengi kuliko nafasi zilizopo.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba daraja la jumla peke yake halitoshi. Daraja la C+ humruhusu mwanafunzi kuomba masomo ya digrii, lakini halimwahidi uhandisi. KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi, hutazama hasa masomo manne yanayohusiana na kozi. Na kwa uhandisi, yaliyo makuu ni Hesabu, Fizikia na Kemia.

Tuwatazame vijana wawili waliopata pointi 72 kila mmoja katika masomo saba, yaani B+. Wa kwanza ana A ya Hesabu, na A- za Fizikia na Kemia: jumla pointi 34. Wa pili ana B za Hesabu na Fizikia, na B+ ya Kemia: jumla pointi 28. Ubora wake uko katika lugha na historia. Kijijini watasema wako sawa, lakini katika mlango wa uhandisi wa kwanza amemtangulia mwenzake mbali.

Jambo la pili ni zile pointi za mwisho ambazo hutangazwa kwa kila kozi. Watu wengi hudhani kwamba chuo huziweka mapema, kama bei ya tikiti. Sivyo. Hizo ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita. Ni kama alama ya matope iliyoachwa na mafuriko katika shina la mti: yaonyesha maji yalifika wapi, wala haisemi yatafika wapi msimu ujao. Wanafunzi bora wakizidi, au nafasi zikipungua, pointi hupanda.

Kwa hiyo yafaa kutazama pointi za miaka kadhaa, wala si za mwaka mmoja. Mwenye pointi zilizozidi za miaka yote ana tumaini jema. Aliye kati ya mwaka wa juu na mwaka wa chini aombe, lakini aweke pia kozi nyingine ambayo pointi zake zaifikia bila shaka. Aliye chini ya miaka yote asijaze nafasi zote za kuchagua kwa kozi za namna hiyo.

Hapana budi pia kuuliza kama kozi imekubaliwa na Bodi ya Wahandisi, iliyowekwa na sheria ya mwaka wa 2011. Digrii isiyokubaliwa huweza kumzuia mtu kuandikishwa kuwa mhandisi, hata baada ya miaka mitano ya karo.

Na anayekosa asivunjike moyo. Stashahada ya uhandisi yaweza kusomwa katika vyuo vya ufundi, na wako walioanzia huko wakaendelea hadi digrii. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini yafika.