Furaha Nyingi na Furaha Kali ni Mambo Mawili

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mwanasaikolojia Ed Diener na mwanafunzi wake Randy Larsen waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuchosha. Kila siku, kwa wiki kadhaa mfululizo, walijaza karatasi kueleza siku hiyo wamepata furaha kiasi gani, hofu kiasi gani, hasira kiasi gani. Karatasi hizo zilikuja kufumbua kitendawili kilichowasumbua wataalamu wa saikolojia ya haiba.

Kitendawili chenyewe ni hiki. Ukichukua wastani wa furaha ya mtu kwa muda mrefu, kisha wastani wa huzuni yake, unatarajia kimoja kikipanda kingine kishuke. Lakini takwimu zilionyesha kwamba viwili hivyo karibu havihusiani kabisa. Itakuwaje, ilhali mtu aliyejaa furaha saa hii hana nafasi ya huzuni?

Diener, Larsen na wenzao waliuvunja wastani huo vipande viwili. Kwanza walihesabu ni siku ngapi furaha ilizidi uchungu: hiyo ni idadi. Halafu, kwa siku hizo za furaha peke yake, wakaangalia ilipanda hadi wapi: hiyo ni nguvu. Mambo yakajitenga. Kwa idadi, furaha na huzuni hunyang'anyana siku. Kwa nguvu, huenda pamoja: anayerukaruka kwa habari njema ndiye huyohuyo anayevunjika vibaya kwa habari mbaya. Wastani ulikuwa ukiichanganya mielekeo hii miwili inayovutana, ikafutana, msomaji wa takwimu akabaki na sifuri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1985, na kwa maoni yangu yana uzito zaidi kuliko dodoso lililokuja kupata umaarufu zaidi.

Dodoso hilo la kupima nguvu ya hisia alilitunga Larsen katika tasnifu yake ya mwaka 1984. Lina sentensi 40. Mhojiwa anaulizwa, kwa mfano, kama picha ya ajali gazetini humtia kichefuchefu, naye hujibu kwa alama 1 hadi 6, kuanzia "kamwe" hadi "daima". Tazama vizuri majibu hayo: "kamwe" na "daima" ni maneno ya kuhesabu mara. Chombo kilichoundwa kutenganisha nguvu na idadi kinapokea majibu kwa lugha ya idadi! Isitoshe, mwaka 1996 Fred Bryant na watafiti wenzake walionyesha kwamba sentensi hizo hazipimi kitu kimoja bali vitatu: hisia njema, ukali wa hisia mbaya, na wepesi wa kuguswa na mabaya. Anayejumlisha alama zote 40 kuwa namba moja anachanganya tena kile kilichokwisha kutenganishwa.

Kuna tatizo la kumbukumbu pia. Mwaka 1998 Lisa Feldman Barrett na watafiti wenzake waliwauliza wanawake na wanaume wajieleze kwa jumla, na wanawake wakajitaja kuwa na hisia kali zaidi. Walipoandika hisia zao kila baada ya kukutana na watu, tofauti hiyo haikuonekana. Swali la jumla humfanya mtu ajibu kwa kile anachoamini juu yake mwenyewe, na imani hiyo inabeba mengi aliyoambiwa tangu utotoni. Ndiyo maana siziamini sana zile chemsha bongo za "wewe ni mtu wa aina gani".

Siku hizi simu ya mkononi humkumbusha mshiriki mara kadhaa kwa siku aseme yuko vipi wakati huohuo, kwa mfano kati ya 0 na 100. Kumbukumbu inapunguziwa mzigo, lakini swali gumu linabaki: 70 yangu na 70 yako ni sawa? Kila mtu amebeba rula yake, na rula hizo hatuwezi kuzilaza pamoja tukazilinganisha. Watafiti wengi hulikwepa swali kwa kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa jana. Njia hiyo ni safi, ila hailijibu swali la Larsen, nani ana hisia kali kuliko nani.

Watafiti wa ladha, Linda Bartoshuk akiwa mmoja wao, walikabili shida hiyohiyo. Walimwambia mtu alinganishe uchungu ulio ulimini na ukubwa wa sauti anayosikizishwa, kwa kuwa hakuna sababu ya sikio kufuata ulimi. Kwa ladha, mbinu hiyo imesaidia sana. Kwa hisia, inabidi kwanza tupate kitu ambacho mtu mwenye hisia kali hakipokei kwa ukali uleule, na huenda hata kelele ikawa inamgusa zaidi kuliko jirani yake.