Kazi ikikufuata nyumbani, uliza kontra kwanza

Huku Katanga, kompani hazikungoja kila mara mutu aje kupiga hodi na barua mukononi. Tangu mwanzo zilienda kumutafuta kwao. Na leo, Kolwezi, Fungurume ao Likasi, bado tunaona vile: telefone inalia, mutu anasema: «Banatafuta fundi wa kuunga vyuma. Uko tayari kesho?»

Tukumbuke wazee wetu. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, lakini karibu na shaba yake watu walikuwa wachache. Mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta wafanyakazi na kuwaleta. Watumishi wake walizunguka vijiji vya Lomami na Kasai. Wengine waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ile tunaita leo Zambia, na kisha kutoka Ruanda-Urundi. Mara mingi hawakusema na kijana mwenyewe: walisema na chifu, chifu akapata zawadi, kijana akapelekwa. Wengi walikimbia, wengine walikufa na magonjwa mbali na kwao.

Kompani ikaona hasara. Mutu akisha kujua kazi anarudi kijijini, inabidi kutafuta mwingine na kumufundisha upya. Njo maana kuanzia 1928 ilitoa kontra za miaka 3, ikataka mufanyakazi aje na bibi, ikatoa nyumba, posho, hospitali na masomo ya batoto. Wale batoto wa kambini njo walikuwa wafanyakazi wa kesho. Haikuwa huruma tupu, ilikuwa hesabu.

Tunapata hapa funzo moja: kompani inakutafuta wakati iko na lazima na wewe. Siku ile njo uko na nguvu ya kuuliza. Ukisha kushuka mu shimo bila karatasi, nguvu inapungua.

Leo wengi hawachukuliwi na kompani kubwa yenyewe, lakini na sous-traitance, ni kusema kompani ndogo inayomufanyia kazi ile kubwa. Anayekuita ni jirani ao shemeji. Umushukuru, halafu uulize: nani atasaini kontra? Nani atalipa mushahara? Nikiumia, nani atanitunza?

Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasaidia. Kontra ya muda haiwezi kupita miaka 2. Kama uko na bibi na unakaa mbali na jamaa, haipite mwaka 1. Majaribio hayapite mwezi 1 kwa manœuvre asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine. Na wewe wa kazi ya siku kwa siku, hesabu vizuri: ukifanya siku 22 ndani ya miezi 2, na wakikuchukua tena mbele ile miezi 2 haijaisha, sheria inakuhesabu kuwa mutu wa kontra isiyo na mwisho. Andika kila siku mu kaye.

Mama wa nyumba, na wewe uulize. Baba akisema amepata kazi, mwambie aonyeshe karatasi, muisome pamoja, mubakize kopi nyumbani. Wazee wetu hawakuulizwa kama wanakubali. Sisi tunaulizwa, tusijibu «ndiyo» mbele ya kusoma.