Chuma kitoke Ujerumani, kitako kichongwe Bilele

BUKOBA inajua thamani ya shuti moja. Mei 19, 2018, Simba walikuwa Uwanja wa Taifa wakisubiri kukabidhiwa kombe na Rais John Magufuli, msimu mzima wa ligi hawajafungwa. Kagera Sugar wakaenda kuwatibulia sherehe. Bao moja tu la Edward Christopher, 1-0, mchezo ukaisha. Wana Nkurukumbi hawajaacha kulisimulia hadi leo.

Sasa upo mchezo mmoja ambao mshiriki anatakiwa kupiga mashuti 60 ya namna hiyo ndani ya saa moja na robo, na goli lenyewe ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Yaani kama ncha ya kalamu ya wino, ukiitazama kutoka mita 10. Hakuna kipa, hakuna refa wa kulalamikiwa, hakuna dakika za lala salama. Ni mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo.

Kwa shabiki wa soka jina hilo linaweza kusikika kama kitu cha watoto wanaofukuza ndege shambani. Si hivyo. Umo kwenye Olimpiki tangu Los Angeles 1984. Kule Paris 2024, medali ya kwanza kabisa ya dhahabu ya michezo yote ilitoka hapo, China wakaibeba kwa timu ya mchanganyiko wa mwanamke na mwanamume. Siku mbili baadaye binti wa Korea Kusini, Ban Hyo-jin, mwenye miaka 16 tu, akachukua dhahabu ya wanawake, ikawa ya 100 kwa nchi yake katika Olimpiki za majira ya joto. Miaka 16! Kwenye soka umri huo bado unabebeshwa mipira ya mazoezi.

India nao, taifa linaloishi na kulala na kriketi, dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja waliipata kwa bunduki hii hii, Abhinav Bindra akiwa Beijing mwaka 2008.

Mchezo hauhitaji mbio wala kifua kipana. Kinachohitajika ni mwili kutulia, na mwili hautulii kwenye kifaa kisichoutosha. Mchezaji anayevaa kiatu namba 41 hawezi kucheza dakika 90 na namba 44, hata kiatu kiwe cha bei gani. Bunduki ni hivyo hivyo, na sehemu yake inayovaliwa ni kitako: ule mti wote unaobeba chuma, kuanzia unapogusa bega, kupita shavuni, hadi mkono wa mbele unaposhika.

Hapo ndipo fundi seremala wa Bilele anapoingia kwenye hadithi.

Bunduki ya mashindano inayotoka kwenye viwanda vya Ujerumani kama Feinwerkbau, Walther au Anschütz inagharimu maelfu ya euro. Mtutu, triga na mtungi wa hewa huwezi kuvitengeneza uani. Lakini kitako ni mbao, na mbao ni kazi ambayo Bukoba inaifanya kila siku. Mtu anayeweza kuunganisha mguu wa meza bila nafasi ya kupita ukucha, ana mikono ya kutosha. Anachokosa ni vipimo. Ni kweli bunduki nyingi za wakubwa siku hizi zina kitako cha alumini chenye skrubu za kurekebisha kila upande, ila mti haujapigwa marufuku. Shirikisho la kimataifa, ISSF, linachotaka ni kitako kiwe ndani ya jedwali lake la vipimo, na bunduki nzima isizidi kilo 5.5. Risasi ni ya milimita 4.5, basi.

KARATASI KWANZA

Kabla ya msumeno kuna jambo la kibali, na Kagera si mahali pa kulichukulia kwa utani. Huu ndio mkoa uliovamiwa na majeshi ya Idi Amin Oktoba 1978. Ukitoka Bukoba kuelekea Muleba unakutana na Kaboya, walikolazwa mashujaa wa vita ile. Neno bunduki hapa lina wazee wanaolikumbuka kwa sauti yake.

Kwa hiyo fundi anayeletewa bunduki, hata iwe ya upepo, aombe kuona karatasi za mwenye nayo kabla hajaigusa. Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na swali lolote la kibali linajibiwa kituo cha polisi, halijibiwi kijiweni. Kuwinda ndege nako kuna vibali vyake vya wanyamapori. Kinachozungumziwa hapa ni karatasi ya shabaha, sio njiwa wa jirani.

La pili ni usalama wa mezani. Hakikisha hakuna risasi ndani na bunduki haijakokiwa. Zile za springi, zinazovunjwa mtutu ili kuzijaza, chuma kinatoka kwenye mti kwa kufungua skrubu mbili au tatu. Ishia hapo. Silinda yenye springi usiifungue. Springi ile imebanwa muda wote, na ikiruka usoni hutaulizwa tena habari za kitako.

KIPIMO CHA MWILI

Kipimo mama ni umbali kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako begani. Njia ya zamani ya kuupata haihitaji futi: mtu anakunja kiwiko, mwisho wa kitako unakaa kwenye kunjo la mkono, na kidole cha shahada kinatakiwa kifike kwenye triga bila kujinyoosha. Kwa watu wazima wengi inaangukia kati ya sentimita 33 na 36. Kwa binti wa kidato cha pili inaweza kuwa pungufu ya 30, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotea, maana wanapewa bunduki ya baba. Kitako kikizidi urefu, mpigaji anaegemea nyuma, mgongo unachoka, na ifikapo risasi ya 40 anayumba kama beki aliyeishiwa pumzi.

Kipimo cha pili ni shavu. Mpigaji afumbe macho, aweke bunduki begani kwa raha zake, alaze shavu, kisha afumbue. Jicho likikuta kilengeo cha nyuma na cha mbele vimenyooka bila yeye kusogeza kichwa, kimo ni sahihi. Akilazimika kunyanyua shingo, mti uongezwe juu. Akilazimika kujikandamiza, upunguzwe. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani kwa macho, lakini ndiyo inayoamua kama jicho litakuwa mahali pale pale mara 60.

La tatu ni mshiko. Kidole kinatakiwa kuvuta triga kikiwa kimenyooka kurudi nyuma, sio kwa kuisukuma pembeni. Viganja vinatofautiana, ndiyo maana wachongaji wengine huwapa wapigaji bonge la udongo wa mfinyanzi walishike jinsi watakavyoshika bunduki, halafu wanachonga wakifuata alama za vidole.

MBAO GANI, NA MVUA YA BUKOBA

Ulaya kitako cha heshima ni mti wa mjozi. Kwetu wa kushindana nao ni mninga: uzito wake unakaribiana na huo, unachongeka vizuri, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hauchezi sana. Mninga si mti wa Bukoba, unatoka kwenye misitu ya miombo kama ya Tabora na Katavi, kwa hiyo ununuliwe kwenye mbao halali zenye mhuri. Mvule unafaa pia. Mpingo, pamoja na sifa zake zote, usahau. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na kilo 5.5 zitaisha kabla hujafunga mtutu. Msizi, ambao Wahaya wanauita omuhumula, ni laini mno kwa kazi ya skrubu. Omushambya wa migombani unatosha kwa majaribio, na paini ni nzuri kwa kuchonga kitako cha kwanza cha kukosea.

Lakini tatizo kubwa la hapa ni maji. Bukoba inapata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na ziwa liko mlangoni. Mbao iliyonunuliwa Jumatatu na kuchongwa Jumanne itaendelea kukauka ikiwa imeshabana chuma, itajikunja, na bunduki iliyokuwa inapiga katikati itaanza kupiga kushoto bila sababu inayoonekana. Mbao ikae chini ya paa, pembeni ya ukuta wenye hewa, imepangwa na vijiti kati yake, kwa miezi na sio wiki. Fundi mwenye haraka ana njia nyingine, na huenda ndiyo bora zaidi kwa hali ya hewa hii: achukue mabaki ya mninga na mvule ya unene wa nusu inchi, ayagundishe kwa kupishanisha, ayabane kwa klampu. Mbao za tabaka hazijikunji kirahisi, na mabaki yako tayari pale chini ya meza.

Kama ni mbao moja, mbili kwa nane yenye urefu wa futi tatu inatosha. Cha kuangalia ni nyuzi. Pale nyuma ya triga, kwenye shingo, ndipo kitako kinapokuwa chembamba, na ndipo vitako vyote duniani vinapovunjikia. Nyuzi zipite shingoni kwa urefu. Zikikata kimshazari, hata mti uwe mzuri vipi, bunduki ikianguka mara moja utabaki na vipande viwili.

MASIZI YA KIBATARI

Umbo la nje ni kazi ya raha: kiolezo cha plaiwudi kutoka kwenye kitako cha zamani, kurekebisha vipimo, msumeno, randa, tupa. Usianze nalo. Anza na shimo la kulaza chuma mbao ikiwa bado ya mraba, kwa sababu mbao ya mraba inakaa kwenye jiliwa na ya mviringo inateleza.

Fundi anachora mstari wa katikati, anatoboa kwa keekee ili kuondoa mti mwingi, kisha anaingia na patasi. Hapo ndipo masizi yanapofanya kazi. Chuma kinapakwa masizi ya kibatari yaliyochanganywa na grisi kidogo, kinalazwa kwenye shimo, kinagongwa taratibu, kinatolewa. Kila palipobaki alama nyeusi mti umegusa, hapo panakwanguliwa. Unarudia. Mara 30, mara 50. Mchezo huu hauna njia ya mkato. Alama zikitapakaa sawasawa shimo zima, chuma kimekaa. Kikikaa juu ya sehemu mbili tu, kila risasi itakihamisha kidogo.

Matundu ya skrubu yawekewe vibomba vifupi vya shaba, vikatwe urefu sawa na unene wa mti pale. Bila hivyo kila ukikaza unasaga mbao, na leo unakaza hivi, kesho vile, shabaha inahama. Bunduki za springi zinahitaji hilo kuliko zote, kwa kuwa zinaruka mara mbili, nyuma kisha mbele, na zinalegeza kila kilichofungwa.

Msasa unaanza namba 80, unapanda hadi 240, kisha mti unafutwa kwa kitambaa chenye maji. Nyuzi zitasimama kama nywele. Zikikauka, 400. Fundi afunge barakoa muda wote. Vumbi la mninga na la mvule linachokoza kifua, na mafundi wengi wanalijua hilo kwa kikohozi walichonacho.

Vanishi inang'aa haraka, lakini shavu lenye jasho linanata juu yake. Mafuta ya kitani ni bora: tabaka jembamba, siku nzima ya kukauka, jingine, mpaka matano au sita. Ndani ya shimo nako kupakwe, watu husahau, na unyevunyevu unaingilia huko huko. Vitambaa vilivyopakia mafuta hayo visikunjwe na kutupwa kwenye maranda, vinaweza kushika moto vyenyewe. Vianikwe nje vimetandazwa.

Kwa kijana anayekua, mwisho wa kitako ukatwe mfupi kuliko kipimo chake cha leo, kisha uongezewe vipande vya plaiwudi vya milimita tano tano chini ya pedi ya mpira. Kila muhula akirefuka, kinaongezwa kimoja. Kitako kimoja kinaweza kumtoa darasa la saba hadi kidato cha nne, na mdogo wake akakirithi kwa kuondoa vipande.

Mlango wa kimataifa si mpana sana, tuseme ukweli. Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako Tanzania imezoea kupeleka watu, iliuacha mchezo huu Birmingham 2022, na Glasgow 2026 nako haumo. Inabaki mashindano ya Afrika na Olimpiki yenyewe.

Siku ya majaribio, karatasi iwekwe mita 10, nyuma yake kuwe na kizuizi cha kumeza risasi, na asipite mtu. Piga tano bila kugusa kilengeo. Matundu yakikaa pamoja, hata kama yako pembeni, kitako kimepona, rekebisha kilengeo. Yakitawanyika, usianze kuulaumu mti. Kaza skrubu, piga tano nyingine.