Wanaosajiliwa jua likiwa utosini

Saa 12 asubuhi, kabla baridi ya mto Jukskei haijakatika, wanaume wameshajipanga kandokando ya barabara za Wynberg, eneo la viwanda lililopakana na Alexandra, Johannesburg. Mmoja ana brashi ya rangi na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene kazi anazoziweza: rangi, vigae, bomba. Mwingine ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko wa kujengea mapajani. Utasikia Kizulu, Kipedi na Kishona, na ukitega sikio, Kiswahili nacho kinapita. Pikapu ikipunguza mwendo tu, watu kumi wameshaifikia kabla haijasimama.

Alexandra ilianzishwa mwaka 1912. Watu wamebanana humo kupita kiasi, na ng'ambo ya barabara kuu ya M1 ndiko kuliko Sandton, penye majengo ya benki na soko la hisa. Kijiwe hiki kiko katikati ya ulimwengu huo wa aina mbili, na kina kanuni isiyoandikwa popote. Mapema asubuhi, fundi anataja bei yake. Ikigonga saa 4, anauliza mwenye gari ana randi ngapi. Jua likifika utosini, hakuna anayeuliza tena, anapanda tu. Kima cha chini cha mshahara kisheria kilipandishwa Machi 2025 kuwa randi 28.79 kwa saa, yaani kama randi 230 kwa siku ya saa nane, lakini sheria hiyo haisimami barabarani na boksi mkononi.

Nimekileta kijiwe hiki kwenye kurasa za biashara kwa sababu liko soko la kazi la mabilioni ya dola linalokwenda kwa kanuni hiyohiyo, na watu wa Johannesburg wamo ndani yake. Ni soko la wachezaji huru wa besiboli nchini Marekani, hasa ile sehemu yake ya mwisho, Februari na Machi, kambi zinapofunguliwa na bado wako wachezaji wazuri walioketi nyumbani.

Msomaji aliyelelewa na soka aweke kando habari za dirisha kubwa na dirisha dogo. Besiboli haina dirisha la kumsajili mchezaji huru. Fainali zikiisha mwanzoni mwa Novemba, soko linafunguliwa, na halifungwi. Mtu anaweza kusaini Desemba, akasaini Februari baada ya wenzake kuripoti kambini Arizona na Florida, akasaini hata Juni ligi ikiwa imeshapamba moto. Kwa mtazamo wa haraka, huo ni uhuru mkubwa. Lakini pasipo tarehe ya mwisho, hakuna kinachomharakisha mnunuzi. Yanga na Simba hukimbizana usiku wa mwisho wa usajili kwa kuwa saa inawasuta. Tajiri wa besiboli hana saa ya kumsuta.

Kinachomsuta mchezaji ni umri. Ili awe huru, sharti atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu, na kabla ya hapo klabu yake ndiyo inayomshikilia. Wengi hufika sokoni wakiwa na miaka 29 au 30 na zaidi, nguvu zikiwa zimeanza kupungua. Kisha kuna kamba nyingine. Klabu inaweza kumpa mchezaji wake ofa maalumu ya mwaka mmoja (kwa msimu wa 2025 ilikuwa dola milioni 21.05), naye akiikataa, klabu nyingine itakayomchukua inapoteza nafasi yake katika zamu ya kuchagua chipukizi. Kwa hiyo mchezaji anafika sokoni na deni mgongoni ambalo si lake. Juu ya hayo kuna kodi wanayotozwa wanaovuka kiwango cha mishahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241. Klabu tajiri zikikaribia mstari huo, zinajifanya zimeshiba.

Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 2018, soko lilipoganda hadi chama cha wachezaji kikafungua kambi yake huko Bradenton, Florida, kwa ajili ya wasio na timu. Mwaka uliofuata Dallas Keuchel na Craig Kimbrel, warushaji waliokwisha kujijengea jina, walibaki nje mpaka Juni. Kwa nini Juni? Kwa sababu baada ya klabu kumaliza kuchagua chipukizi wa mwaka huo, ile adhabu ya kupoteza zamu inakufa. Zilisubiri adhabu ife, ndipo simu zikaita. Kimbrel akapata dola milioni 43 kwa miaka 3 kutoka Chicago Cubs, Keuchel dola milioni 13 kwa msimu uliobaki huko Atlanta.

Mwaka 2024 ndio nitakaoushikilia, kwa kuwa ulitoa majibu mawili kwa swali moja. Wakala Scott Boras aliingia Februari akiwa na wateja wanne wa daraja la juu ambao hawajasaini: Cody Bellinger, Matt Chapman, Blake Snell na Jordan Montgomery. Bei alizozitaka hazikulipwa. Bellinger akakubali milioni 80 kwa miaka 3, Chapman milioni 54 kwa miaka 3, Snell milioni 62 kwa miaka 2. Montgomery, aliyetoka kutwaa ubingwa na Texas miezi michache tu nyuma, akasaini mwishoni mwa Machi na Arizona kwa mwaka mmoja, milioni 25.

Tazama sasa walikofikia wawili wa mwisho. Snell alikuwa amechaguliwa mrushaji bora wa ligi yake mwaka 2023, lakini alijiunga na San Francisco bila kambi ya kutosha, akaanza vibaya na kuumia. Agosti 2 akawanyima Cincinnati hata pigo moja mchezo mzima, jambo ambalo warushaji wengi hustaafu bila kulifanya. Akatumia kipengele cha kujitoa, akavuna dola milioni 182 za miaka 5 kutoka Los Angeles Dodgers. Montgomery alimwachisha kazi wakala wake mwezi Aprili, akamaliza msimu kwa wastani wa kufungwa pointi 6.23 kwa kila mchezo wa vipindi 9, na Machi 2025 akapasuliwa kiwiko. Wote wawili walichelewa kusaini, wote wakaanza bila maandalizi ya kutosha. Mmoja alikuwa na kipengele cha kutokea na mkono uliorudi kwa wakati. Mwingine hakubahatika. Mimi nasema hiyo ni kamari, na aliyeiendesha alikuwa mwenye klabu.

Uhuru wenyewe haukutolewa bure. Curt Flood alikataa kuuzwa Philadelphia mwaka 1969, akaenda mahakamani, akashindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1972. Desemba 23, 1975 msuluhishi Peter Seitz akaamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally wako huru, miaka 20 kabla ya Bosman kulitikisa soka la Ulaya. Baadaye, katikati ya miaka ya 1980, wenye klabu walikubaliana chinichini kutonunua wachezaji wa wenzao. Walibainika, na mwaka 1990 wakakubali kulipa dola milioni 280. Kwa hiyo mchezaji anaposhuku ukimya wa Februari, ana historia ya kumfundisha kushuku.

Ila hayo ni ya wakubwa. Mtu akikosa milioni 150 akapata 25 hatumlilii sana. Soko la mwisho wa majira ya baridi lina chumba kingine cha nyuma, chenye watu wengi zaidi, na humo ndimo tunamowakuta watu wa Johannesburg.

Alexandra yenyewe ni mji wa soka. Lakini ukitoka hapo ukaelekea magharibi kilomita 15 hivi unafika Randburg, na huko, katika jengo la klabu ya Randburg Mets, ndiko alikokulia Gift Ngoepe. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu hiyo na familia iliishi kwenye chumba humohumo. Mwaka 2008 alisainiwa na Pittsburgh Pirates akiwa na miaka 18. Ikamchukua mpaka Aprili 26, 2017 kukanyaga uwanja wa ligi kuu, mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika huko. Mpira wake wa kwanza kuupiga salama aliupata kwa Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake. Mwisho wa mwaka huo Pittsburgh ikampeleka Toronto. Mwaka 2018 akacheza michezo michache huko, kisha akawa mchezaji huru wa aina ile isiyotajwa na magazeti, akaenda hadi Australia kuichezea Sydney Blue Sox kungojea simu.

Wa pili ni Tayler Scott, mrushaji aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1992, aliyeingia ligi kuu na Seattle Juni 2019. Fuata safari yake: Hiroshima nchini Japani, San Diego, kisha ndani ya msimu mmoja wa 2023 akavaa jezi za Dodgers, Boston na Oakland. Kabla ya msimu wa 2024 Houston Astros wakampa mkataba wa ligi ndogo. Akarusha katika michezo zaidi ya 60 kwa wastani wa 2.23, namba ambayo warushaji wa mamilioni wangeililia. Mwaka uliofuata mkono ukakosa ule ukali, Houston wakamwondoa.

Mkataba kama huo wa ligi ndogo ndio bidhaa halisi ya Februari, na Kiswahili kina neno lake tayari: deiwaka. Dereva wa daladala asiye na gari anakuja kituoni alfajiri. Mwenye gari akichoka au akiugua, yeye anashika usukani, na jioni anarudisha funguo. Vivyo hivyo, mchezaji anaalikwa kambini bila kuwamo katika orodha ya wachezaji 40 ya klabu. Akifanya vizuri, na mwenye namba akiumia, anapandishwa. Asipopandishwa, anakwenda ngazi ya chini, ambako mkataba wa pamoja wa mwaka 2023 ulipandisha malipo mpaka dola 35,800 kwa mwaka kwa ngazi iliyo chini tu ya ligi kuu. Kabla ya hapo, hadi mwaka 2020, ngazi za mwanzo zililipa dola 290 kwa wiki, na ni katika wiki za mechi tu.

Upande wa pili wa mlango, kima cha chini cha ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, nacho hulipwa kwa siku unazokuwa kikosini, zaidi ya dola 4,000 kila siku. Siku 9 juu zinazidi mwaka mzima chini. Hesabu hiyo ndiyo inayomfanya mtu mwenye mke na watoto avuke bahari kila Februari kwa mwaliko usio na ahadi, na ndiyo inayoziwezesha klabu kujaza kambi kwa gharama ya tiketi na posho. Bellinger alipongojea, alikuwa na akiba ya kungojea nayo. Deiwaka wa Johannesburg hana, hivyo bei yake inashuka mapema kuliko ya mwenzake, kama fundi wa Wynberg ambaye hajui watoto watakula nini jioni.

Foleni hiyo inarefuka kutokea upande wetu. Uganda, iliyopeleka watoto kwenye mashindano ya dunia ya Williamsport mwaka 2012, sasa inauza vijana: Pittsburgh, walewale waliomchukua Ngoepe, wamemsaini mrushaji David Matoma, na Dodgers wamewachukua Ben Serunkuma na Umar Male. Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na vijana wa sekondari wanashindana. Vijana hawa wataanzia kwenye mikataba ya mwanzo, si ya Februari. Lakini wengi wao, miaka 7 au 8 baadaye, watajikuta kwenye chumba kile cha nyuma, na ni vema mzazi anayetia sahihi leo ajue kwamba chumba hicho kipo na kinalipa kiasi gani.

Mwaka 2019 ligi ilipendekeza kuweka tarehe ya mwisho ya kusaini mikataba ya miaka mingi, ili soko lichangamke mapema kama la soka. Chama cha wachezaji kikakataa, kwa hofu kwamba saa ikigonga, wanyonge ndio watakaoumia. Naona walikuwa sahihi, japo kwa sababu finyu kuliko walivyodai. Tarehe ya mwisho ingempa nguvu nyota ambaye klabu tatu zinamgombea. Asiyegombewa angebaki na boksi lake barabarani, maana hata Machi isingekuwapo tena. Dawa iko kwenye vitu viwili visivyopigiwa kelele: kuondoa ile adhabu ya kupoteza zamu ya chipukizi, na kumlipa aliyealikwa kambini mshahara kamili tangu siku anaporipoti, apandishwe asipandishwe. Kipengele cha pili ndicho kingefika Randburg, Mpigi nchini Uganda, na Dar es Salaam.

Mkataba wa pamoja kati ya wenye klabu na wachezaji unamalizika Desemba 1, 2026. Ule uliotangulia ulipoisha, milango ilifungwa siku 99, na ilipofunguliwa Machi 2022 wachezaji wote waliokuwa huru wakawa wa kuchelewa kwa mpigo.